Ukingo Mweupe wa Jukwaa

Mtaa mzima tulimwita Fundi Meno, kwa sababu alitengeneza meno ya bandia. Vibogoyo wa pande zote nne za mji walitafuna nyama kwa hisani ya mikono yake. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyonuka nta na plasta, na kazi hiyo aliimaliza saa nane mchana. Baada ya hapo alikuwa mtu wa treni.

Alizipenda treni kama wengine wanavyopenda mpira. Alizijua namba za vichwa vya treni vilivyokwisha kuuzwa chuma chakavu. Honi ikilia kwa mbali alikatiza maongezi, hata yawe ya msiba, akatazama saa yake na kusema, "Huyo kachelewa dakika nne." Chumba cha nyuma, ambamo watu wengine wangelaza wageni, alikijaza meza moja kubwa ya mbao. Juu ya meza hiyo alijenga stesheni ya mji wetu kama ilivyokuwa miaka arobaini nyuma: jengo la matofali, saa ya ukutani, tangi la maji, njia mbili za reli zinazopinda konani kabla ya kuingia stesheni, na treni ya mabehewa manne isiyozidi urefu wa mkono wako. Watu kumi na watatu walisubiri jukwaani, kila mmoja sawa na punje mbili za mahindi. Aliwachonga kwa akriliki ileile ya kutengenezea fizi, ndiyo maana kabla ya kupakwa rangi wote walikuwa wa waridi kama vitoto vya panya.

Mmoja wao alikuwa mkewe. Alimvalisha gauni la kijani, akampa mkoba, akamsimamisha chini ya saa.

"Umeninyima shingo," mkewe alisema siku alipoonyeshwa.

"Shingo ipo, umeifunika na ushungi."

"Haya bwana. Afadhali hata mke mwenza wako amenipa nafasi ya kusimama." Mke mwenza ndilo jina alilolipa lile limeza, na alilitaja kwa mapenzi, maana hawakuwa na watoto na kelele za kile kitreni zilikuwa zimeipa nyumba uhai.

Mkewe alifanya kazi hospitali kuu, kwenye ubao wa kuunganishia simu. Kila siku alirudi na treni inayoingia saa kumi na moja na dakika kumi. Nyumba yao ilikuwa karibu na stesheni, na Fundi Meno alikuwa na mazoea yake: treni ya kweli ikikaribia, naye huwasha yake. Zote mbili huingia stesheni pamoja, na baada ya robo saa mlango wa mbele hufunguliwa na sauti inasema, "Nimefika, niliyesafirishwa na treni kubwa." Miaka tisa mambo yalikwenda hivyo.

Kilichomponza ni kokoto.

Watengenezaji wa treni ndogo wana wivu wa ajabu juu ya ukweli wa vitu. Fundi Meno hakutaka mchanga wa kuchekecha chini ya reli zake. Alitaka kokoto zenyewe za njia yetu, azisage mpaka ziwe ndogo inavyopasa. Lakini njia yote ilikuwa imemwagiwa kokoto mpya za kijivu. Zile za zamani, nyeusi zenye wekundu kwa mbali, zilibaki sehemu moja tu: pale konani, urefu wa hatua kumi na mbili, ambapo wafanyakazi wa njia walipaka mawe ya pembeni chokaa na hawakugusa kitu. Kila walipokuja kubadilisha kokoto, walifika kwenye chokaa, wakairuka, wakaendelea upande wa pili.

Aliwahi kumuuliza mnyapara wao sababu. Mnyapara alikuwa baba mmoja mnene, mtani, mwenye kofia isiyotoka kichwani. Siku hiyo hakutania.

"Pale hatuchukui kitu," alisema. "Hata wewe usichukue."

Fundi Meno aliitikia, na Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, jua likiwa limewaka na watu wakipita na baiskeli zao, akajaza mfuko mmoja.

Nyumbani alizitandaza kokoto juu ya gazeti, akazipangusa moja moja. Katikati yake akakuta jino.

Mtu mwingine angedhani ni kijiwe. Yeye alilitia machoni mara moja tu. Gego la kwanza la chini, upande wa kulia, la mtu mzima, mizizi yote miwili mizima. Halikung'olewa na daktari. Mizizi ilikuwa na alama za kukwanyuliwa. Alilishika kwa muda. Hapo angeweza kulifunga kwenye kitambaa akalirudisha, na hadithi ingeishia hapo.

Lakini ukingo wa jukwaa lake ulikuwa haujapakwa rangi nyeupe. Chokaa aliyoijaribu ilikuwa na punje kubwa, na rangi ya dukani iling'aa kama sahani. Jino likisagwa vizuri hutoa unga laini, mweupe uliotulia, na mashine ya kusagia alikuwa nayo. Alijiambia kwamba meno anayashika kila siku, hili lina nini. Akalisaga. Akauchanganya unga na gundi, akaupaka kwenye ukingo kwa brashi yenye nywele tatu. Ilimchukua siku nane. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama ule ukingo, na mkewe alipouona alipiga vigelegele kwa utani, bila kujua anashangilia nini.

Jumatatu, saa kumi na moja na dakika tatu, aliwasha treni yake. Ilizunguka vizuri mpaka konani, kwenye zile kokoto alizokuwa amezisaga na kuzitandaza. Ikasimama.

Umeme ulikuwepo. Reli zilikuwa safi. Aliigusa kwa kidole. Injini ilikuwa ikitetemeka, kama kuna kitu kinaizuia kwa mbele. Kisha ikaondoka yenyewe, ikaingia stesheni.

Mkewe alifika nyumbani akipepea uso kwa kanga. "Leo tumesimama pale konani," alisema. "Dakika nzima. Hakuna kituo, hakuna taa nyekundu. Na dereva hakusema kitu."

Fundi Meno alicheka kidogo. Hakujua kwa nini kicheko kimemkauka.

Jumanne treni zote mbili zilisimama tena. Jumatano alipoingia chumbani akaona kitu jukwaani. Akahesabu watu. Kumi na wanne.

Wa kumi na nne alisimama juu ya ukingo mweupe, ameupa mgongo ukuta wa jengo, anatazama reli. Hakuwa na rangi. Alikuwa wa kijivu, kama jivu lililoshikana.

"Umeweka mtu mezani kwangu?" alimuuliza mkewe jioni.

"Mimi? Na hivi vidole vyangu vya kubonyeza simu?"

Akamchomoa yule mtu kwa kibanio. Hakuwa amegandishwa na gundi. Alikuwa mwepesi kuliko akriliki, na alikuwa na joto. Joto kidogo, la kitu kilichotoka mdomoni. Fundi Meno akamtupa kwenye pipa la taka la nje na kufunga kifuniko.

Alhamisi alikuwa amerudi. Hakuwa tena ukingoni. Alikuwa amegeuka, amepiga hatua mbili kuelekea kwenye saa, alipo mwanamke wa gauni la kijani.

Fundi Meno alivaa lenzi yake ya jichoni, ile ya kazini, akainama. Yule mtu hakuwa na macho wala pua. Alikuwa na mdomo tu, wazi, na ndani yake meno. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuchonga meno madogo namna ile. Akayahesabu, maana hiyo ndiyo kazi yake na hofu haikumpa kazi nyingine. Juu yalitimia. Chini yalipungua moja. Gego la kwanza, upande wa kulia.

Alitoka nje bila viatu.

Alimkuta mnyapara kibandani kwake kando ya njia, akinoa sururu. Mnyapara alimtazama miguu, akamtazama uso, akaacha kunoa.

"Umechukua kokoto zangu," alisema.

"Mfuko mmoja tu."

Mnyapara alivua kofia. Alisimulia kwa sauti ya chini, kama kuna mtu amelala mle kibandani. Miaka mingi nyuma treni ya jioni ilisimama konani bila sababu. Abiria mmoja, karani aliyekuwa anarudi kwa mkewe, alidhani wamefika. Akafungua mlango akashuka. Treni ya njia ya pili ikamkuta amesimama kati ya reli. Walikusanya walichoweza kukusanya. Usiku ulikuwa umeingia, na hawakukusanya chote.

"Tangu hapo anasubiri," mnyapara alisema. "Siku nyingine treni inasimama. Madereva wanajua. Hawafungui milango. Dakika moja, wanaondoka. Hana ubaya, anataka kupanda tu, arudi kwake. Lakini pale hakuna jukwaa. Hawezi kupanda pasipo na jukwaa." Akamkazia macho. "Ndiyo maana hatuhamishi chochote chake. Umenielewa? Ulichukua nini kingine?"

Hapa ndipo Fundi Meno alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Angesema, labda yule baba angejua la kufanya. Lakini angesemaje? Kwamba ameokota jino la marehemu, amelisaga, amelifanya rangi ya jukwaa la wanasesere? Aliona aibu.

"Mawe tu," alisema.

"Basi yarudishe yote. Kesho, kabla treni ya jioni haijapita. Usiongee njiani."

Usiku ule alizing'oa kokoto zote, punje kwa punje, kwa kijiko cha kuchanganyia plasta. Alipofika kwenye ukingo mweupe akaweka kisu juu yake. Kisu kikabaki hapohapo. Siku nane za kazi. Na kile hakikuwa kokoto, alijiambia. Mnyapara alisema mawe. Alilitazama lile jambo kwa pembe zote mpaka akapata pembe ambapo halikuonekana baya, akaweka kisu chini.

Lakini hofu juu ya mkewe ilikuwa haijamtoka. Yule wa kijivu alikuwa amefika chini ya saa. Alisimama bega kwa bega na gauni la kijani, mdomo wazi karibu na ushungi wake. Fundi Meno alimchukua mwanasesere wa mkewe, akatafuta mahali salama pa kumweka. Hakutaka kumtoa mezani, akihofia atapotea. Akafunua paa la behewa la pili, akamketisha dirisha la tatu, akalirudisha paa na kulizungushia akriliki ya moto. Ikikauka hiyo, ni ile inayovumilia kutafuna mifupa miaka ishirini. Hakuna mtu, mkubwa au mdogo, ambaye angeingia mle.

"Kesho usipande treni," alimwambia mkewe kitandani.

"Nije na mabawa?"

"Panda basi. Nakuomba, mke wangu. Usiniulize."

Mkewe aligeuka akamshika shavu. Miaka tisa hakuwahi kumsikia akisema neno baya juu ya treni. "Nitapanda basi," alisema, na hakutania.

Ijumaa mchana Fundi Meno alirudisha kokoto konani. Hakuongea na mtu njiani. Alimwaga zote ndani ya hatua zile kumi na mbili, akazisawazisha kwa kiganja. Upepo ulitulia. Ndege mmoja akatua juu ya reli, akadonoa, akaruka. Fundi Meno alihisi kifua chake kimefunguka, akarudi nyumbani karibu anakimbia.

Jukwaani walikuwa watu kumi na wawili. Yule wa kijivu hakuwepo. Alitazama chini ya meza, ndani ya tangi la maji, nyuma ya jengo. Hakuwepo kabisa. Fundi Meno aliketi akalia kama mtoto, kwa raha ya kuokoka. Kisha akapiga simu hospitali.

"Hospitali kuu, habari za mchana."

"Ni mimi."

Mkewe akashusha sauti. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Yameisha. Mabasi ya Ijumaa yanajaa sana, utasimama njia nzima. Panda treni yako tu."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Haya. Mwambie mke mwenza nakuja."

Saa kumi na moja kamili aliingia chumba cha nyuma. Hakuwasha kitu. Aliketi tu, mikono magotini.

Saa kumi na moja na dakika tatu treni ndogo iliondoka.

Swichi ilikuwa imezimwa. Akachomoa waya ukutani. Treni ikaendelea. Ilikwenda taratibu mpaka konani, pale ambapo sasa palikuwa na mbao tupu zenye alama za kisu. Ikasimama.

Akainama kwenye dirisha la tatu.

Kulikuwa na vichwa viwili.

Akakumbuka siku ile. Alhamisi usiku, alipolifunua paa, hakuwa amewasha taa kubwa. Hakuchungulia ndani. Na yule wa kijivu, alipomwinua mkewe jukwaani, alikuwa bado amesimama pale? Hakukumbuka. Alikuwa anatazama mikono yake tu.

Karani alitaka jukwaa. Amejengewa jukwaa. Na ukingo wake umepakwa kwa jino lake mwenyewe.

Fundi Meno alilivamia paa kwa kucha. Kucha mbili zikatoka. Akachukua kisu, kikavunjika ncha. Akaiwasha mashine ya kusagia, akaisogeza kwenye kiungo. Akawaza gurudumu lake likiteleza kidogo tu. Likipita pale palipo na ushungi. Akaizima.

"Shuka," alinong'ona dirishani. "Mke wangu, shuka."

Nje, treni ya kweli ilipiga honi. Ya kwenye meza ikaondoka.

Fundi Meno alifika stesheni kabla mabehewa hayajasimama. Watu walishuka, wakapita, wakaisha. Mkaguzi wa tiketi alishuka mwisho, mkononi ameshika mkoba wa kike.

"Huu umebaki behewa la pili," alisema. "Mama wa simu wa hospitali, si ndiyo? Nilimwona mwenyewe. Amekaa na bwana mmoja mpole, suti ya kijivu. Wanaongea. Yule bwana alikuwa anaziba mdomo na kiganja kila akisema." Akasita. "Tulisimama konani dakika moja. Milango nimeifunga mimi. Nilipopita tena, kiti kilikuwa kitupu. Nilidhani wamehamia mbele."

Walitafuta konani kwa tochi, kisha kwa mbwa, kisha kwa watu mia. Hakuna alama ya damu wala ya kiatu. Polisi walimhoji Fundi Meno siku tatu wakamwachia. Mnyapara alikuja mara moja. Alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma, akauona ukingo mweupe, akauliza umepakwa kwa kitu gani. Safari hii Fundi Meno alisema kweli. Mnyapara alisikiliza mpaka mwisho, akageuka, akaenda zake bila kuaga. Tangu hapo treni hazisimami konani tena, na wafanyakazi wa njia wamebadilisha kokoto hata pale penye chokaa.

Fundi Meno ameacha kutengeneza meno. Nyumba hataki kuiuza na meza hataki iguswe. Jirani mmoja aliyempelekea chakula juzi alimkuta ameinama juu ya lile behewa la pili, uso umegusa akriliki. Saa ya ukutani ilikuwa inasogelea kumi na moja na dakika kumi. Akamwambia jirani asogee, aone mwenyewe.

Kioo cha dirisha la tatu, kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa mtoto, kilikuwa kimeingia ukungu. Fundi Meno alikipangusa kwa pamba. Hakikupanguka. Ukungu ulikuwa wa ndani.

"Mke wangu," aliita kwa sauti ya chini.

Ukungu ukaongezeka, kama inavyokuwa mtu anapojibu karibu na kioo. Kisha doa dogo likafutika katikati yake, duara, upana wa ncha ya sindano. Fundi Meno akaanza kulia, akisema yupo, umeona, yupo, anaongea na mimi.

 Jirani alikuwa anatazama dirisha la pembeni yake, ambalo nalo lilikuwa linaanza kuingia ukungu.